Pesa Zinazorudi na Zisizorudi: Neno "Deposit" Lilivyonipitisha Malindi

Naandika haya kwa ajili ya yeyote anayekaribia kutoa fedha zake kwa jina la "deposit", iwe ni kwa mwenye nyumba, kwa muuzaji wa kiwanja, kwa chama cha akiba na mikopo au kwa hoteli. Kazi yangu ni kuangalia nyumba za wageni hapa Malindi, upande wa Casuarina: kuwapokea wageni, kuwalipa watunza bustani, kuhakikisha tangi lina maji, na kuandikiana na watu walioko Ulaya wanaotaka kuja kupumzika. Katika kazi hiyo, na katika mambo yangu mwenyewe nje ya kazi, neno hilo moja la Kiingereza limenigharimu fedha, usingizi na, kwa muda fulani, maelewano na watu niliowaheshimu sana.

Sehemu kubwa ya shida ni kwamba neno lenyewe halionekani geni. Sisi huku twalitamka "dipoziti" tangu utotoni. Mwenye duka hukutoza dipoziti ya kreti na chupa za soda, nawe ukirudisha chupa hurudishiwa fedha zako. Hospitali ya binafsi huitaka kabla mgonjwa hajapewa kitanda. Wakala wa M-Pesa huulizwa kutwa nzima kama ana salio la kutosha "kudipoziti", ingawa akina mama wengi bado husema kuweka. Mwenye nyumba naye huitaka pamoja na kodi ya mwezi wa kwanza. Kwa kuwa kila mtu anaamini analijua, hakuna anayemuuliza mwenzake lina maana gani pale walipo wakati ule.

Kwa Kiingereza chenyewe neno hili ni pana. Asili yake ni Kilatini, na maana yake ya kwanza ni kitu kilichowekwa chini au kilichoachwa mikononi mwa mtu. Liliingia katika Kiingereza mnamo karne ya 17. Hata "depo" tunayonunulia soda kwa jumla ni ndugu yake, isipokuwa hiyo ilizungukia Ufaransa kwanza. Ukitia fedha benki, Mwingereza atasema umefanya "deposit". Ukilipa sehemu ya bei ya gari ili lisiuzwe kwa mwingine, ni hilo hilo. Ukiacha fedha ili ukivunja vyombo vya nyumba zikatwe humo, ni hilo hilo. Mgombea ubunge huko Uingereza huweka pauni 500 ambazo huzipoteza asipofikisha asilimia 5 ya kura, nazo huitwa kwa jina hilo hilo. Wataalamu wa ardhi nao wanalitumia kwa mashapo, na kwa maana hiyo mtu wa Malindi hahitaji kamusi, kwa sababu kila msimu wa mvua Mto Sabaki humwaga udongo wake katika ghuba hadi maji yakawa kama chai ya maziwa.

Maana zote hizi zina jambo moja kwa pamoja, nalo ni kwamba kitu kimewekwa mahali. Neno halisemi kama kitachukuliwa tena, wala nani atakichukua, wala kwa sharti gani. Kiswahili kimeyagawa mambo hayo kwa majina. Amana ni mali uliyoikabidhi kwa mtu aitunze, na hurudi kwako kama ilivyo. Dhamana hukaa kama kinga, na hurudi ukitimiza ulichoahidi. Arbuni, ambayo wengine huiita rubuni, ni fedha za kufungia biashara ili muuzaji asimpe mwingine. Malipo ya awali, au kianzio, ni sehemu tu ya bei iliyotangulia. Kila mahali nilipoumia, nikitazama nyuma naona kwamba pande mbili zilikuwa na majina mawili tofauti kati ya haya vichwani mwao, huku karatasini kukiwa na neno moja la Kiingereza.

Mara ya kwanza ilikuwa nyepesi, nami nitaipita haraka. Nilipohama nyumbani kwetu Ganda nilipanga chumba na ukumbi mjini, nikalipa kodi ya mwezi na dipoziti ya kiasi kile kile. Nilipokuwa natoka nilifanya kama wafanyavyo wapangaji wengi: nilimwambia mwenye nyumba kwamba mwezi wa mwisho aukate kwenye dipoziti. Alikataa, akasema fedha zile ni za rangi na mabomba, na kweli alikata rangi, kitasa na bomba la jikoni ambalo nililikuta likivuja. Niliondoka na chini ya nusu. Kisheria yeye ndiye aliyekuwa karibu na ukweli juu ya kodi, kwa kuwa dhamana ya namna hiyo hailipi kodi hadi wenyewe mkubaliane, lakini juu ya bomba hakuwa na haki yoyote, nami sikuwa na cha kumwonyesha. Huko Uingereza, tangu mwaka 2007, mwenye nyumba wa kawaida hulazimika kuziweka fedha hizo katika mpango maalumu wa ulinzi, na tangu 2019 kiwango chake hakizidi kodi ya majuma matano kwa nyumba nyingi. Kwetu kinachokulinda ni maandishi. Siku unayopewa funguo piga picha kila ukuta, kila sinki na kila kitasa, mtumie mwenye nyumba picha hizo siku hiyo hiyo kwa simu ili tarehe ibaki, na muandikiane kwamba uchakavu wa kawaida haukatwi. Ni kazi ya muda mfupi.

Jambo la pili ndilo lililonifungua macho. Ili lieleweke yafaa nikumbushe kwamba Malindi na Waitaliano wamezoeana muda mrefu. Kituo chao cha anga cha San Marco kiko Ngomeni, kaskazini mwa mji, na kutoka jukwaa lake la baharini walirusha setilaiti mwaka 1967. Baada yao wakaja wenye hoteli na wenye majumba, hata leo utamkuta kijana wa ufuoni ambaye Kitaliano chake ni chepesi kuliko Kiingereza chake. Pamoja na hayo, mikataba ya nyumba nyingi ninazoziangalia huandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa wenye nyumba si Waitaliano wote. Nyumba ninayoisimulia ilikuwa ya Mkenya anayeishi Nairobi, mgeni alitoka kaskazini mwa Italia, nami ni mtu wa hapa. Kiingereza hakikuwa lugha ya mama ya yeyote kati yetu watatu.

Mgeni yule alitaka nyumba kwa mwezi wa Agosti, wakati ambapo Italia nzima iko likizoni. Nilimwandikia kwamba ili nimshikie nyumba atume "deposit" ya yuro 400, akatuma bila neno. Majuma machache kabla ya safari yake, mwenye nyumba alinipigia simu kunijulisha kwamba nyumba ameipa familia yake kwa siku zile zile, na jambo hilo halina mjadala. Nilimwandikia mgeni barua ya kuomba radhi, ndefu na ya unyenyekevu, nikamwahidi kwamba "deposit" yake itarudi yote, bila kupungua hata senti. Nilidhani nimefanya uungwana wa hali ya juu.

Jibu lake lilikuwa fupi: anataka yuro 800.

Nilikasirika hadi mikono ikatetemeka. Nilimwona tapeli aliyeona upenyo, na niliandika jibu ambalo, lau lingeondoka, lingenifungia milango ya wageni wengi, maana Waitaliano wanaokuja Malindi hujuana. Kabla ya kulituma nilimsomea mpishi wetu, mzee wa makamo aliyewapikia Waitaliano tangu ujana wake. Alikuwa akipaa samaki juu ya meza ya nje. Aliniacha nikamaliza, akafuta kisu kwenye gunia, akaniambia: "Dada, huyo hakuibii. Yeye alitoa caparra."

Neno hilo nilikuwa nikilisikia kila siku na kulichukulia kuwa ndilo "deposit" kwa Kitaliano. Mpishi alinieleza, na baadaye nilijisomea mwenyewe, kwamba caparra ina kanuni yake katika sheria ya madai ya Italia ya mwaka 1942, kifungu cha 1385. Aliyetoa akivunja ahadi, aliyepokea huondoka na fedha zile. Aliyepokea akivunja ahadi, aliyetoa ana haki ya kudai maradufu. Kanuni inakata pande zote mbili. Kama fedha ni sehemu tu ya bei iliyotangulizwa, Waitaliano wana jina jingine, acconto, na hiyo hurudi kama ilivyokwenda biashara ikivunjika. Na zile za kudhamini vyombo zina jina la tatu. Mgeni wangu alisoma "deposit" akaona caparra. Mimi niliandika "deposit" nikifikiria amana tu, kitu ninachomtunzia. Yeye hakuwa akinitapeli, ila alikuwa akidai kile ambacho kwao hata mtoto wa muuza viatu angekidai.

Mwenye nyumba hakutaka kusikia habari ya 800. Mkataba wetu ulikuwa wa Kiingereza na haukutaja maradufu, na kwa maandishi yale sidhani kama mgeni angeshinda hapa Kenya. Lakini nilikuwa nimekwisha kujua kwamba mtu huyu anajiona amedhulumiwa, na kwa haki. Nilimrudishia 400, nikamtafutia nyumba nyingine karibu na ufuo, na tofauti ya bei nikaibeba mimi kutoka katika ujira wangu, pamoja na makato ya benki ya kurudisha fedha, ambayo hakuna mtu huyahesabu hadi yamfike. Msimu ule sikubakiwa na kitu. Alikuja, akakaa, na hatukuzungumza tena juu ya jambo hilo, ingawa siku ya kuondoka alimpa mpishi bahashishi nzuri na mimi akanipa mkono tu.

Kuanzia hapo nina desturi moja kabla ya kupokea fedha ya mgeni yeyote. Humwuliza maswali mawili kwa maandishi: ukikosa kuja, fedha hizi ni za nani? Nasi tukikosa kukupa nyumba, utarudishiwa kiasi gani? Jibu la swali la pili ndilo watu wengi wa kwetu hawapendi kuliandika.

Nilidhani basi nimelimaliza neno hili, hadi nilipotaka kununua kiwanja. Palikuwa na kipande nje kidogo ya mji, mali ya mzee mmoja wa Kiislamu mwenye hatimiliki safi, jambo ambalo pwani yetu hii si la kupuuza, kwa kuwa kuna watu wengi wenye nyumba bila ardhi na ardhi nyingi ambayo wenyewe wako mbali. Bei ilikuwa shilingi 900,000. Tulikwenda kwa wakili pamoja na mwana wa mzee, tukafanya upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi, na mkataba ukaandikwa: "deposit" ya asilimia 10, yaani shilingi 90,000, na salio ndani ya siku 90.

Safari hii niliuliza. Wakili alikuwa mtu wa subira, na maelezo yake nayaweka hapa kwa kuwa yamenifaa kuliko ada niliyomlipa. Alisema sheria yetu ya mikataba imerithi mengi kutoka Uingereza, na kwa Waingereza "deposit" katika mauzo ya ardhi ina uzito wake maalumu. Katika kesi ya Howe dhidi ya Smith ya mwaka 1884, mahakama ya rufani ya huko iliona kwamba fedha hizo ni sehemu ya bei na wakati huo huo ni rehani ya uaminifu wa mnunuzi. Kwa hiyo mnunuzi akishindwa kutimiza, muuzaji huzishika, hata kama mkataba haukutamka hivyo waziwazi. Fedha zikiitwa malipo ya sehemu ya bei, bila zaidi, mnunuzi anaweza kuzidai arudishiwe, naye muuzaji abaki na haki ya kudai hasara yake. Alinionya pia juu ya wauzaji wanaotaka nusu ya bei kwa jina la "deposit": mwaka 1993, katika shauri lililotoka Jamaika, baraza la juu la rufani mjini London lilimkatalia muuzaji kushika asilimia 25, kwa hoja kwamba kiwango cha desturi ni 10 na kinachozidi bila sababu ya maana ni adhabu. Nilimshukuru, nikatia sahihi. Sikuwa na hofu, kwa kuwa salio nilikuwa nalo, au ndivyo nilivyoamini.

Salio lilikuwa katika chama chetu cha akiba na mikopo. Kwa miaka mingi nilikuwa nikikatwa kila mwezi, na taarifa ya mwisho wa mwaka ilikuwa na safu mbili, hisa kwa upande mmoja na "deposits" kwa upande wa pili. Safu ya pili ilikuwa imenona. Katika akili yangu zile zilikuwa fedha zilizowekwa, na kilichowekwa hutolewa, kama vile benki au kwa wakala. Nilifika dirishani nikaomba nitolewe sehemu. Binti aliyekuwa zamu alinitazama kwa huruma akaniambia, "Mama, hizi hazitoki ukiwa mwanachama."

Kwa wasiojua, mpangilio wa vyama hivi nchini Kenya ni huu. Hisa ni umiliki wako katika chama. Huwezi kudai chama kikulipe, ila waweza kumwuzia mwanachama mwenzako, na mwisho wa mwaka hupata gawio. Zile zinazoitwa "deposits", katika aina hii ya akiba, ni zako na chama kina deni kwako, hupata faida yake mwisho wa mwaka, lakini kazi yake kubwa ni kusimama nyuma ya mikopo: vyama vingi hukopesha hadi mara tatu ya kiasi hicho, na pia unazitumia kuwadhamini wenzako. Ukitaka kuzichukua huna budi kujitoa chamani, na kwa kawaida utatoa ilani ya siku 60, nazo hupunguzwa deni lako lote. Baadhi ya vyama vina akaunti nyingine, iitwayo ya mbele, ambayo hutoa fedha kama benki, nayo pia huitwa kwa neno hilo hilo. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na "deposit" mbili chini ya paa moja, moja yaweza kutoka leo na nyingine haitoki. Na mtu asiichanganye na akiba ya benki, ambayo hadi shilingi 500,000 kwa kila mteja hulindwa na shirika la serikali la bima ya amana benki ikianguka. Kiwango hicho kilipandishwa kutoka 100,000 mwaka 2020, na vyama vya akiba na mikopo havimo katika kinga hiyo.

Nilibaki na njia ya mkopo. Njia ilikuwepo, lakini ilihitaji wadhamini, na hapo ndipo nilipokutana na deni la mtu mwingine. Nilikuwa nimemdhamini mfanyakazi mwenzangu aliyekuwa katika hoteli iliyofungwa, naye alikuwa ameacha kulipa. Sehemu ya akiba yangu ilikuwa imefungwa kwa ajili yake. Ilinibidi nizunguke kwa jamaa na marafiki kuomba sahihi, jambo lililonidhalilisha kuliko kuomba fedha zenyewe, kwa kuwa kila mmoja alijua kisa cha yule niliyemdhamini na alijiuliza kama yeye ndiye atakayefuata. Wengine walinipokea kwa chai na haluwa wakanizungusha hadi nikachoka. Mkopo ulipokaribia kuiva, zile siku 90 zilikuwa zimekwisha.

Kwa mujibu wa mkataba, shilingi 90,000 zangu zilikuwa zimekwenda. Mwana wa mzee alinipigia kunieleza hivyo kwa adabu lakini bila kuficha furaha, kwa kuwa palikuwa na mnunuzi mwingine mwenye bei nzuri zaidi. Sikuwa na la kujibu. Nililijua neno lile safari hii, na kulijua hakukunisaidia.

Siku chache baadaye mzee mwenyewe alinituma niende kwake baada ya Alasiri. Nilimkuta barazani na tasbihi yake. Nilimwamkia, akaniuliza hali ya nyumbani, wazazi, watoto, akarudia tena kama ilivyo desturi, ndipo akaingia kwenye jambo. "Mwanangu," alisema, "mimi nilipokea arbuni. Kijana wangu amenisomea karatasi ya Kiingereza, na karatasi yasema nile. Mimi ni Shafii. Arbuni ya mtu asiyenunua siwezi kuila." Nilimwambia, "Mzee wangu, nilitia sahihi mwenyewe, na wakili alinieleza." Akasema wakili alieleza ya wakili.

Baadaye nilimwuliza mwalimu wa madrasa, akanifafanulia kwamba wanazuoni wamekhitalifiana. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani hii, pamoja na ya Hanafi na ya Maliki, hayaikubali biashara ambayo muuzaji hubaki na arbuni mnunuzi akiacha kununua, kwa kuwa amekula mali bila kutoa kitu badala yake. Madhehebu ya Hanbali yanairuhusu. Jambo hili lilinishangaza: arbuni ya Waarabu, caparra ya Waitaliano na "deposit" ya Waingereza ni fedha zile zile za kufungia biashara, na wanasheria wa Italia wenyewe huzifananisha na arra ya Warumi, lakini kila sheria ina jibu lake ikiulizwa fedha ziende wapi biashara ikivunjika.

Nisingependa mtu asome hapa kwamba utu utamwokoa. Lau mzee angeamua kushikilia karatasi, ningekuwa sina pa kwenda. Mahakama za kadhi nchini Kenya hushughulikia ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, na wala si mauzo ya viwanja. Shauri letu lingekwenda katika mahakama ya mazingira na ardhi, ambayo iko hapa hapa Malindi, na hakimu angesoma Kiingereza kilichoandikwa. Tena mzee hakuwa na 90,000 mkononi, alikwisha kuezeka nayo paa. Alinirudishia kidogo kidogo, kila alipopata, hadi zikaisha. Kiwanja akamwuzia yule mwingine. Ada ya wakili, gharama za upekuzi na nauli zote za kuwafuata wadhamini hazikurudi, na mwanawe hadi leo tukikutana sokoni hutazama upande wa pili.

Kiwanja nilichokuja kununua baadaye ni kidogo zaidi na kiko mbali zaidi na lami. Mkataba wake niliuandika kwa namna nyingine, na wakili alikubali bila taabu, jambo linaloonyesha kwamba wakati wote ilikuwa inawezekana. Asilimia 10 iliwekwa kwa wakili mwenyewe azishike kwa niaba ya pande zote mbili, badala ya kuingia mfukoni mwa muuzaji. Tuliandika kwamba nikishindwa muuzaji atakata sehemu tuliyoitaja kwa shilingi, na inayobaki itarudi. Kwamba yeye akishindwa nitarudishiwa zote pamoja na gharama za upekuzi. Na kwamba muda utaongezwa mara moja ikiwa mkopo umekwisha kukubaliwa lakini haujatoka. Kwa kuwa ardhi ile ni ya kilimo, tulihitaji pia kibali cha bodi ya kudhibiti ardhi, ambacho sheria hutaka kiombwe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Kibali kikikosekana, mkataba ni batili na fedha zilizolipwa zinaweza kudaiwa kama deni la kawaida. Hilo halitegemei mliandika nini, na wanunuzi wengi walioambiwa "deposit hairudi" hawakulijua. Usisahau kutenga ushuru wa stempu, asilimia 2 ya thamani kwa ardhi ya mashambani na 4 kwa ya mjini, maana huo huja mwishoni wakati mfuko umekwisha kutoboka.

Katika nyumba za wageni, risiti zangu sasa hazina neno "deposit" likiwa peke yake. Mgeni Mwitaliano huandikiwa caparra au acconto, akachagua mwenyewe baada ya kuelezwa bei ya kila moja, na wengi huchagua ya pili wakisikia kwamba ile ya kwanza nasi tunaweza kuishika. Mgeni wa Kiingereza huandikiwa kwa sentensi kamili: kiasi hiki ni sehemu ya bei, kinarudi hadi tarehe hii, baada ya tarehe hii hakirudi. Fedha za vyombo ziko kwenye karatasi yake mbali, pamoja na orodha ya sahani na glasi, nazo hurudishwa asubuhi ya kuondoka kabla gari la uwanja wa ndege halijafika. Mwenye nyumba wa Nairobi alilalamika kwamba karatasi zimekuwa nyingi, kisha akatia sahihi kifungu cha kurudisha maradufu kwa miezi ya Agosti na Desemba, baada ya mimi kukataa kumtafutia wageni wa miezi hiyo bila hicho.

Chamani bado nimo. Mwenzangu niliyemdhamini amepata kazi Watamu na ameanza tena kukatwa kila mwezi, na kila anapopunguza deni lake, kiasi kile kile cha akiba yangu hufunguliwa.